Siku 21 nikiiambia simu kwamba ndoa yangu ina amani

Mwezi wa sita 2024 nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, naingia chooni na simu ili nisiamshe watu, narekodi voisi ya dakika moja kwenda kwenye grupu: "Ndoa yangu ina amani, biashara yangu inatiririka, mimi ni sumaku ya riziki." Wenzangu wanajibu na vile vimoto na makofi, imekuwa, imepokelewa, moto kaka. Sasa kichekesho ni kwamba watu wenyewe wa kuamsha hawakuwemo ndani. Mke wangu alikuwa Kasulu kwa wazazi wake na watoto wote wawili, wiki ya pili hiyo, na mimi bado najificha chooni kwa mazoea.

Nimekaa na hii stori muda mrefu kidogo sikutaka kuiandika, lakini juzi kijana mmoja pale Mwanga, hapa Kigoma, kaniuliza, bro, nasikia we ulikuwa kwenye yale mambo ya kumenifesti, hivi yanafanya kazi? Yaani ile ya kutamka unachotaka kana kwamba umeshakipata, ili kije. Nikaanza kumjibu tumesimama barabarani, nikaona jibu ni refu, nikamwambia ntaandika. Haya.

Mi ni mtu wa dagaa. Nanunua mwalo wa Kibirizi, naanika, napakia, natuma Dar. Kwa msiojua, dagaa wa Kigoma wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola na betri, samaki wanafuata mwanga wanakuja juu, kwa hiyo mwezi ukishakuwa mkubwa taa haina kazi tena na wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi. Yaani biashara yetu kwa asili yake ina siku za kukaa bure na hakuna anayelaumu. Hili nalisema makusudi, mtaona huko mbele.

Grupu niliingia mwishoni mwa 2022. Kuna jamaa tulikutana kwenye basi akaniambia kuna kocha wa maisha yuko Dar, ada elfu ishirini kwa mwezi, ukifuata masharti maisha yanageuka. Masharti yenyewe: husemi shida, unasema changamoto. Husemi sina hela, unasema hela ziko njiani. Husemi nimechoka, husemi naumwa, husemi sijui. Asubuhi unatamka unachotaka kana kwamba umeshakipata, jioni unashukuru kwa ajili yake, na ukutani unabandika vishoni bodi, yaani ubao wa picha za unavyovitaka, yangu ilikuwa na picha ya Fuso na nyumba ya ghorofa niliyoikata kwenye kalenda ya benki. Na mtu anayeleta habari za kusikitisha kwenye grupu admini anamtoa, anasema anashusha vaibresheni, yaani anaharibu ile hali nzuri ya grupu.

Nikiwa mkweli, mwanzoni ilinisaidia. Nilikuwa nalala mpaka saa mbili, nikaanza kuamka mapema. Nilikuwa naogopa kumpigia tajiri mmoja wa dagaa huko Dar, nikajitamkia wiki nzima kisha nikampigia, na mpaka leo ni mteja wangu. Kwa hiyo mtu akija hapa kuniambia niseme yale yote ni utapeli, sitasema. Halafu lile jambo liliingia kwetu kirahisi kwa sababu tulikuwa nalo, bibi zetu wote walitufundisha maneno huumba, usijitabirie mabaya, ukiulizwa hali unasema nzuri hata kama umelala njaa. Kocha alichofanya ni kuchukua kitu cha bibi akakipandisha bei.

Lakini kuna kitu sijawaambia, kwa nini hasa nililipenda lile grupu.

Baba alifariki mwezi wa tatu mwaka huohuo 2022. Nilikuwa Dar kufuatilia deni, nikapigiwa usiku. Treni haikuwa siku yake, nikapanda basi la alfajiri, na nyie mnaijua hiyo barabara, unapita Dodoma, unapita Tabora, unaona jua linazama na bado hujafika. Kwetu Ujiji mtu hasubiriwi. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri, mi nikiwa naangalia miti dirishani. Nilifika kesho yake, nikakuta turubai, watu wamekaa kwenye mikeka, mama yuko ndani kafunikwa nguo nyeupe, nikapewa mikono ya pole na kila mtu. Nikakaa siku moja na nusu. Siku ya nne niko mwaloni napima dagaa. Watu wakasema huyu ni mwanaume. Nami nikaona kweli, mi ni mwanaume. Kaburi sikwenda kuliona. Nilisema ntaenda Ijumaa, ikapita, nikasema Ijumaa ijayo.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anakutana na grupu lenye sharti kwamba huzuni ni enaji mbovu na usiiongelee. Si nilifika nyumbani! Sikuwa navuta riziki wala nini, nilikuwa nimepata watu mia mbili na kitu wa kunisaidia kutomfikiria baba, na nawalipa.

Kitu kimoja sikukijua, nikakikuta baadaye kwenye kusomasoma, ni kwamba hata wazungu wenyewe wana jina la tabia hii, wanaiita spiritual bypassing. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, John Welwood, mtu wa dini ya Buddha na mwenyewe alikuwa mtu wa kutafakari, mwaka 1984 alianza kuongelea tabia aliyoiona kwa wenzake hukohuko kwenye mambo ya kiroho, kwamba watu wanayatumia mafundisho mazuri kukwepa vidonda ambavyo hawajavishughulikia. Mi kwa Kiswahili cha mtaani naiita kupita chocho. Barabara kubwa ina mtu unamdai au anakudai, basi unapita chocho, unafika uendako, na unajisifu kwamba unajua njia. Ila yule mtu bado kakaa palepale barabarani.

Na hasira zikaanza kutoka. Sikujua ni zile. Chai ina sukari kidogo, nafoka. Chaja haipo mahali pake, nafoka. Mtoto anacheka wakati naongea na simu, nafoka, kisha naingia chooni narekodi "nyumba yangu imejaa upendo". Mke wangu alikuwa ananisikia kupitia mlango, kumbe.

Mwezi wa tano 2024 ziwa letu, Tanganyika, likafungwa. Lilifungwa kweli, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kuvua, ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wazaliane. Habari tulikuwa nayo mapema kabisa. Wenzangu wakajipanga, mmoja akahamishia mtaji kwenye mawese, mwingine akaweka stoo dagaa wakavu wa kutosha akauza kwa bei aliyotaka. Mi kwenye grupu niliandika "jamani ziwa linafungwa tunafanyaje", nikajibiwa na kocha mwenyewe, usiseme ziwa limefungwa, sema milango mingine imefunguka. Nikasema. Nikasema kwa bidii sana asee. Mpaka wiki ya pili ya kufungwa nilikuwa sina stoku, sina mpango, nina deni, na kila asubuhi nasikia raha kabisa baada ya kutamka, ile raha ya mtu aliyemaliza kazi.

Hii raha ndiyo ilikuja kunishtua niliposoma habari za Gabriele Oettingen, Mjerumani, profesa wa saikolojia pale New York University. Huyu mama amefanya utafiti miaka mingi kuhusu kuota ndoto nzuri mchana. Alichukua wahitimu wa chuo wanaotafuta kazi, waliokuwa wanajiona sana kichwani wameshapata kazi nzuri, baada ya miaka miwili hao ndio walipata nafasi chache zaidi na mshahara mdogo zaidi. Watu wa kupunguza uzito hivyohivyo, waliojipigia picha tamu za mwili mpya walipungua kidogo kuliko wenzao. Na kwenye majaribio mengine waliwapima presha, wakakuta mtu akishaiota ile picha mwili unatulia, presha inashuka, yaani mwili unaamini tumefika, tupumzike. Nikajiona mimi natoka chooni saa kumi na moja nimelegea kwa amani, sina hata ndoo moja ya dagaa.

Ila hapohapo huyu mama hasemi watu wasiwe na matumaini, anasema tumaini liwekwe pembeni ya kikwazo, utamani kitu, uone faida yake, kisha ujiulize ndani yangu mimi ni nini kitanizuia, upange cha kufanya kikitokea. Nikacheka peke yangu maana mvuvi yeyote wa Kibirizi ni profesa wa hiyo kitu. Anasema riziki ipo, huku kabeba kopo la kuchotea maji yakiingia mtumbwini.

Turudi nyumbani. Siku iliyomuondoa mke wangu haikuwa na jambo kubwa. Aliniuliza hela ya ada ya mtoto. Mi nikasema iko njiani. Akasema iko njiani wapi, inatokea wapi, inakuja na nini? Aliuliza taratibu kabisa, na ndiyo iliyoniuma. Nilichukua chupa ya chai nikaipiga ukutani. Ile chupa ndani ina kioo chembamba kama gamba la samaki, kikamwagika sakafuni pote, na mtoto wetu mkubwa, ana miaka saba, akachuchumaa akaanza kuokota vipande kimoja kimoja bila kulia. Mke wangu alimshika mkono akamwambia acha, baba yako ataokota. Kesho yake asubuhi wamepanda gari la Kasulu.

Nikaliambia grupu? Thubutu. Nilirekodi "ndoa yangu ina amani" siku 21 mfululizo, kuna programu ya siku 21 ukikosa moja unaanza upya. Na nilikuwa naziweka na stetasi. Siku ya ishirini na moja nimekamilisha, nimejipongeza, naona voisi imeingia kutoka kwa mke wangu, sekunde kumi na moja. Naikumbuka neno kwa neno: "Baba nanii," (jina la mtoto naliacha) "hiyo simu unaiambia kila siku kwamba ndoa yako ina amani. Mimi mwenye hiyo ndoa ni wiki ya tatu hujanipigia."

Niliirudia mara nyingi mpaka chaji ikaisha.

Kuna utafiti mwingine wa 2009 wa huko Canada, Joanne Wood na wenzake, waliwapa watu sentensi ya kujirudia kwamba mimi ni mtu wa kupendeka. Waliokuwa wanajikubali tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Wale wasiojikubali walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa sentensi yoyote. Kwa akili yangu ndogo naelewa hivi, ukitamka kitu ambacho ndani unajua si kweli, kuna mtu humo ndani anakujibu, na anakujibu kwa ushahidi. Ndoa yangu ina amani. Na chupa je? Ndoa yangu ina amani. Na mtoto aliyeokota vioo?

Sikwenda Kasulu moja kwa moja, nilikwenda Ujiji kwa mama. Sikuwa hata na la kusema, nimekaa barazani naongea habari za mvua. Mama yangu hajui kocha, hajui vaibresheni, shule aliishia darasa la nne. Yeye alikaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, hana pambo, hana safari, wanawake wanakuja wanakaa naye wanaondoka, wengine wanalia naye, wengine wanasimulia vituko vya marehemu mpaka wanacheka, wengine wananyamaza tu. Mimi kipindi kile nilimwonea huruma kweli, nikaona desturi inamfunga mtu mzima na mimi niko huru naendelea na maisha, nikasahau kwamba hata wavuvi wetu mwezi ukiwa mkubwa wanakaa bure na hakuna anayewalaumu. Alipotoka aliweza kulitaja jina la baba kwenye sentensi ya kawaida, kama vile "hii jembe baba yenu aliinunua Manyovu". Mimi miaka miwili nilikuwa bado nikisikia jina lake nabadilisha mada.

Siku hiyo alinisikiliza habari zangu za mvua akanikatiza. Akasema, "Wewe matanga yako bado hujayakaa. Baba yako unamkimbia tangu siku uliyoshuka kwenye basi."

Nikamwambia mama, maisha lazima yasonge. Akasema, "Yamesonga yamefika wapi? Mkeo yuko wapi?"

Nisiseme uongo kwamba nililia palepale. Nilikasirika nikaondoka. Kulia ni siku nyingine, na hakukuwa na uzuri wowote, nilikuwa bandarini nimeiona Liemba, ile meli ya zamani, imetia nanga pale. Baba alikuwa na stori moja ya hii meli ambayo alitusimulia labda mara mia. Kwamba Wajerumani walipoona vita inawashinda mwaka 1916 waliizamisha wenyewe wasimwachie adui, lakini mafundi kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi, wakazipaka hasa, kwa sababu walikuwa na nia ya kurudi. Ikakaa chini ya ziwa miaka. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 wakakuta injini ni nzima, wakaitengeneza, mwaka 1927 ikarudi majini. Baba alikuwa akifika kwenye grisi anasugua vidole hivi, anasema "grisi, mwanangu, grisi!" kama vile alikuwepo. Sasa nimesimama pale naiangalia meli, nikajikuta mimi nasugua vidole. Basi. Nikakaa kwenye gunia la mtu nikalia mpaka mwenye gunia akaja, akaniangalia, akaondoka akaniacha nalo.

Na nilichokielewa pale ni kwamba mimi nami nilimzamisha baba kwa grisi. Yale matamko ya kila asubuhi ndiyo ilikuwa grisi yenyewe. Hasira niliyokuwa nampa mke wangu kwa ajili ya chaja ilikuwa injini nzima kabisa, haijapata hata kutu, ila haikuwa ya kwake.

Kaburini nilikwenda na mama Ijumaa iliyofuata. Hilo litabaki letu.

Kasulu sasa. Nilishuka nikapokewa vizuri kupita kiasi, salamu za Kiha zile za kupiga makofi taratibu, habari za huko, za mama, za ziwa, ugali na maharage, hakuna anayegusa jambo, mpaka nikaanza kutamani waniseme tu yaishe. Jioni baba mkwe akanikalisha nje. Mzee mpole. Akaniuliza swali moja, "Mwanangu, ile chupa uliivunja kwa sababu gani?"

Nilikuwa nimejiandaa na maneno. Nimejiandaa kusema nitabadilika, nimebadilika, kuanzia sasa nyumba itakuwa na amani. Swali lile halikuwa na nafasi ya maneno hayo. Na hapo ndipo nilipoona tofauti, maana miaka miwili kwenye lile grupu niliulizwa unataka nini labda mara elfu, unataka nini, kitaje, kione, kiguse, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza imekuwaje. Nilinyamaza muda mrefu, mzee hakuniharakisha, mwisho nikasema, "Baba, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, nikaona aibu." Akaitikia kwa kichwa. Akasema haya, hilo kamwambie mwenyewe.

Nikamwambia mwenyewe. Hakunisamehe siku hiyo, alisema nimesikia. Alirudi baada ya mwezi na zaidi, na masharti yake, moja likiwa nisirekodi kitu chochote chooni. Mtoto mkubwa ilichukua muda zaidi, mpaka leo kikianguka kitu jikoni anageuka kwanza kuangalia uso wangu, na hakuna cha kutamka hapo, ni kumuonyesha uso huohuo kila siku mpaka azoee.

Mwisho wa mwaka ule kamusi ya Cambridge ikatangaza hilohilo neno lao la kumenifesti kuwa neno la mwaka 2024. Grupu lilisherehekea kweli. Nilikuwa bado nimo, kimya, najitoa nasahau.

Bado naamka mapema, na nikiwa na simu ngumu ya kupiga najiambia we unaweza, hiyo sijaiacha. Wiki mbili zilizopita gari lililobeba mzigo wangu liliharibika njiani, mvua ikanyesha, gunia nne zimelowa, na dagaa akilowa unaijua harufu. Nilirudi nyumbani nimevimba. Nimesimama mlangoni nikamwambia mke wangu, hata sikupanga, "Nina hasira leo, na si zako."

Akaniangalia kidogo, kisha akasema, "Haya. Maji yameisha, beba ndoo."